"Kaka, mtandao unagoma"

Kijana unayeanza kazi steshenari, ukimtumia fundi ujumbe huo hana pa kushika. Yeye yuko Nyegezi, wewe uko Nansio, ziwa liko katikati. Anachokiona ni kile tu ulichoandika.

Kwanza nakili maneno ya kosa kama yalivyo, bila kutafsiri wala kufupisha. ERR_NAME_NOT_RESOLVED maana yake kompyuta imeshindwa kupata anwani ya namba ya tovuti hiyo: DNS (huduma inayotafuta namba hiyo) ina shida, intaneti haipo, au umekosea herufi. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID ni habari nyingine, na kwa kompyuta za mezani zilizozeeka mshukiwa wa kwanza ni saa. Betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, ikiisha, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Hapo kivinjari kinaona vyeti vya tovuti za https (vinavyothibitisha tovuti ni yenyewe) bado havijaanza kutumika, kinakataa. Tazama kona ya chini kulia. Ukikuta mwaka 2015, mwambie fundi hilo tu, mengine atayajua.

Toleo nalo litaje kwa namba. Kwenye Chrome andika chrome://version pale pa anwani. Kwenye Firefox, about:support. "Nina Chrome mpya" haisaidii: mashine ya Windows 7 inaishia Chrome 109, hata uisasishe mpaka kesho.

Kisha fungua ukurasa uleule kwenye dirisha fiche (incognito), Ctrl+Shift+N kwa Chrome, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ukikubali, shuku kuki na kashe (data za tovuti zilizohifadhiwa na kivinjari) au kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari). Ukigoma, jaribu hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichoponya.

Skrinshoti ionyeshe anwani juu na saa chini, ila funika namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mteja. Nywila usitume kabisa, hata fundi akiwa shemeji yako.

Ujumbe unaofaa unakuwa hivi: "Windows 10, Chrome (namba kamili hii hapa). Nikibofya Wasilisha hakuna kinachotokea, kosa halionekani. Dirisha fiche linakubali. Imeanza leo saa nne asubuhi. Jana jioni tuliweka kiendelezi cha kuzuia matangazo."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo wengi huificha kwa kuogopa lawama, na fundi ndiyo anayoitafuta.