Boksi la A2 au roli? Kwa mnaoanza kuprinti picha za ukutani Mwanza

Wadogo zangu mnaofungua studio za kuprinti hapa Mwanza huwa mnaniuliza: ninunue boksi la karatasi za A2 (sentimeta 42 kwa 59.4) au karatasi ya roli? Wengi mnakuja mmeshapiga hesabu. Roli yenye upana wa sentimeta 61 na urefu wa mita 15 inatoa karatasi 35 za A2, na kwa kawaida mita ya mraba ya roli ni nafuu. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo roli itaisha ikiwa bado nzima. Kwa anayeanza, haiishi.

Tazameni oda kwanza. Picha za kamera nyingi zina uwiano wa 2 kwa 3. Kwenye A2, ukiacha ukingo wa sentimeta mbili hivi, unapata picha ya karibu 37 kwa 55. Hakuna kinachopotea cha maana, na fundi fremu anaizoea haraka. Picha za familia, Jiwe la Bismarck jioni, mitumbwi ya Kirumba: zote zinakaa humo. Sasa hoteli ikitaka picha ndefu ya ziwa kuanzia Capri Point, yenye uwiano wa 1 kwa 3, kwenye A2 itakuwa na kimo cha sentimeta 20 tu na zaidi ya nusu ya karatasi ibaki nyeupe. Hapo roli haina mpinzani: kimo sentimeta 61, urefu mita 1.83.

Kabla ya lolote, angalia printa yako inakubali nini. Canon PRO-1000 haipokei roli kabisa. Epson SureColor P900 inapokea, ila za upana usiozidi sentimeta 43 hivi, si ile ya 61, na kishikio chake kinanunuliwa kando. Nimeona watu wakikumbuka hili roli ikiwa tayari kwenye basi kutoka Dar.

Tatizo la roli ni kujikunja. Karatasi nene ya pamba, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, inakaa vizuri mita za mwanzo, lakini kadiri unavyokaribia bomba la katikati inazidi kujiviringa. Kingo zikiinuka, kichwa cha printa kinazigusa na kuacha michirizi ya wino. Kabla ya kuprinti, kata kipande, kizungushe kinyume kwenye bomba pana kwa dakika chache, bila kukibana, kisha kipitishe kama karatasi moja. Kisu cha ndani ya printa usikitumie kwa pamba. Kinaisha makali na kutawanya vumbi la nyuzi. Mkasi mzuri unatosha.

Karatasi zilizokatwa nazo zina kero zake. Nyuzi za pamba hubaki kwenye kingo, zikidondoka baada ya wino zinaacha vidoa vyeupe, kwa hiyo pitisha brashi laini kwanza. Upande wa kuprintia kwenye karatasi isiyong'aa pia unachanganya. Gusa pembe kwa kidole chenye unyevu kidogo: upande unaonata ndio wenyewe. Kwenye roli swali hilo kwa kawaida halipo, upande huo huwa nje.

Halafu kuna ziwa. Wakati wa masika hewa yetu ina unyevu, na karatasi ya pamba inaunywa. Boksi la karatasi 25 unatoa moja, unafunga mfuko, unalaza. Roli iliyoachwa kwenye printa usiku kucha inavuta unyevu na vumbi. Itoe, irudishe kwenye mfuko wake, hata kama kesho unaitumia tena. Ndiyo maana ningewaambia mfanye kazi na A2 mpaka oda za picha ndefu, au za kurudia picha ileile, ziwe zinakuja mfululizo.

Siku ukinunua roli, bei ya mteja iwe na sentimeta za kupimia rangi na zile zinazopotea kila unapoanza na kukata. Mita ya mwisho karibu na bomba usimuuzie mtu. Ifanye ya majaribio.