Mbona kwenye vidio mwenye baiskeli ni yule asiye na kitu?

Swali lenu la wiki mmeuliza filamu, nyimbo na picha zinamuonyesha vipi mtu wa baiskeli, na kama hilo lina athari yoyote kwa miji tunayoishi. Mimi naishi Shela hapa Malindi, naenda kazini kwa baiskeli kila siku, tena ni mwanamke na navaa buibui, kwa hivyo swali limenigusa.

Angalieni vichekesho vyetu na vidio za nyimbo, mwenye baiskeli ni mshamba, au kijana aliyeachwa na mchumba kwa sababu hana gari, na akishapata pesa baiskeli haionekani tena, ni gari limepaki mlangoni. Tumekua na picha hiyo mpaka imetukaa kichwani, na naamini hata wanaochora barabara imewakaa. Hata neno bodaboda lilianza na baiskeli, kule Busia mpakani na Uganda, vijana wakivusha watu kwenye karia kutoka boda moja hadi nyingine, lakini leo ukisema boda kila mtu anawaza pikipiki. Na picha za Tingatinga je, zile wanazouziwa watalii? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za kupaka baiskeli, ndio maana zinang'aa vile. Yani baiskeli imo ndani ya sanaa yetu siku zote ila sisi hatuioni.

Filamu iliyonigusa mimi ni Wadjda ya mwaka 2012, ya Haifaa al-Mansour wa Saudia. Msichana wa Riyadh anaitamani baiskeli ya kijani dukani, anaambiwa wasichana hawapandi, basi anaingia mashindano ya kusoma Qurani ili apate pesa ya kuinunua. Nililia, manake hayo ni maisha yangu. Babu alikuwa na baiskeli ya samaki, tenga limefungwa nyuma kwa mpira, na mimi nilijifunza nayo alfajiri nikipitisha mguu chini ya paipu kwa sababu siti sikuifikia, mpaka siku mamangu akaniona akasema mtoto wa kike hapandi hiyo, ikaisha hapo. Na huyo Haifaa mwenyewe matukio ya barabarani ilibidi ayaongoze akiwa ndani ya gari, anaongea na wenzake kwa redio, kwa sababu hangeweza kuchanganyika na wanaume pale nje. Anatengeneza filamu ya msichana anayeitaka barabara na yeye barabara hiyo hiyo amefungiwa!

Sasa huku kwetu hakuna anayenikataza, ila barabara yenyewe inanikataza. Buibui nalibana kwa vibanio vya nguo viwili lisishikwe na cheni, hilo nishazoea. Lakini lami imekatika pembeni kama ngazi, chini mchanga mtupu, na gari likija nyuma linapiga honi huna pa kwenda. Mwaka jana moja lilinibana, tairi la mbele likadondoka mchangani nikaanguka na trei nzima ya mayai. Goti lilipona. Kilichoniuma ni mtu kuniambia kwani nilikuwa natafuta nini barabarani na baiskeli.

Watu husema Uholanzi wao kupanda baiskeli ndio desturi yao. Hapana jamani. Zile kadi za picha za kwao, za maua na baiskeli, hazionyeshi kwamba na wao walijaza magari mjini, mwaka 1971 peke yake watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani, wazazi wakaingia njiani na kampeni waliyoiita Acheni Kuua Watoto, ndipo njia za baiskeli zikaanza kutengenezwa kwa nguvu. Hiyo hadithi ndiyo ningependa ichorwe.

Na nyinyi vijana mnaopiga vidio hapa Malindi, nawaomba kitu kimoja. Onyesheni mwanamke anafika harusini na baiskeli, anaiegemeza ukutani, anatoa vibanio, anaingia ndani kukaa na wenzake na wala hakuna anayemshangaa. Mkikosa baiskeli njooni mchukue yangu, ni ya bluu, breki ya nyuma nimeitengeneza juzi.