Wakitoza, watoze viatu

Mhariri, mmeuliza kama mkulima anafaa kutoza watu wanaosimama kupiga picha shambani mwake maua yakichanua. Swali limenigusa kidonda, kwa sababu hiyo mambo tumeibishania kwa familia yetu na haijaisha, kuna binamu yangu hadi leo ukitaja Njabini anabadilisha stori.

Jibu langu la haraka ni asitoze. Ukipita barabara ya Nanyuki kwenda Meru, hapo Timau, ukute kanola, ile mimea ya mbegu za mafuta, imejaa manjano na Mlima Kenya uko nyuma yake, hiyo rangi imekufuata yenyewe hadi kwa lami, na macho hayalipi kodi. Egesha gari vizuri, sio kwa kona tafadhali, piga picha zako ukiwa nje ya fensi, enda. Na fika asubuhi mapema kwa sababu mlima hujifunika mawingu mapema, wengi wetu Nairobi tunaamka saa mbili tukidhani utatungoja, unafika saa sita unapiga manjano na kijivu halafu unasema simu yako ni mbaya.

Lakini nyinyi mnauliza pesa na mimi naona shida iko kwa miguu.

Tulikuwa tunaenda ruracio, sherehe ya mahari, huko Kinangop, tumekodi matatu, tukaacha barabara ya Naivasha pale Flyover tukashika ya Njabini. Waliopita huko wanajua, baridi, ukungu, na waru, yaani viazi, kila mahali unapoangalia. Sasa siku hiyo waru zilikuwa zimetoa maua, shamba hili meupe, lile zambarau, halafu katikati kipande cha pareto, yale maua meupe yenye kitovu cha manjano, yaani kina anti walianza kupiga kelele "dereva simama, simama!" kabla hata hatujafika Njabini yenyewe. Tukasimama. Wakaingia ndani kabisa na viatu vya ruracio, visigino vinazama, kulikuwa kumenyesha, wakapiga picha wakarudi. Mbele kidogo wakaona shamba lingine zuri kuliko la kwanza, tukasimama tena, wakaingia tena. Mimi niliachwa kwa mlango wa gari na mikoba yote.

Hapo ndipo shosho, nyanya mwenye shamba, akatokea. Hakupiga kelele. Alisalimia kila mtu, akauliza wageni wametoka wapi, binamu yangu akasema Nairobi, shosho akamwambia, "Sijauliza nyinyi, nimeuliza hayo matope kwa viatu yametoka wapi."

Binamu akadhani ni mambo ya chai, akatoa soo mbili, yaani shilingi mia mbili. Shosho akaiangalia tu hakuishika. Akamwita kijana wake alete glasi ya maji safi, akaenda upande wa chini wa shamba akang'oa mche mmoja uliokuwa umelegea ingawa bado ni kijani, akakata kipande cha shina akakishikilia ndani ya ile glasi bila kutikisa, na sisi wote na suti zetu tumesimama hapo tunaangalia shina. Baada ya muda kidogo nyuzi nyeupe zikaanza kushuka majini polepole, kama maziwa yanayotiririka kwa chai ambayo haijakorogwa. Akasema huo ni mnyauko wa bakteria, ukiingia shambani hauna dawa ya kunyunyiza ukapona, udongo unabaki nao miaka, na unakuja na mbegu, unakuja na maji, unakuja na jembe la kuazima, unakuja na kiatu. Ile kona ya chini alikuwa ameshaamua msimu unaofuata ni mahindi, waru basi.

Kijana akaleta karai la maji na jik, ile dawa ya kutoa madoa, kina anti wakaosha viatu mmoja mmoja kabla ya kurudi barabarani, mmoja alienda miguu mitupu. Kuna mwingine alikuwa amechomeka ua la pareto kwa sikio, akaambiwa alirudishe kwa kikapu, kwa sababu pareto kinachouzwa ni hilo ua, linachumwa kwa mkono na kuanikwa, dawa ya kuua wadudu inatoka humo. Na hii nchi ilikuwa inaongoza dunia kwa pareto, sio jambo la kuchezea kwa sikio. Halafu shosho akawapanga kwa nyasi za ukingoni, maua nyuma yao, wakapiga picha bure. Na zilitoka safi kuliko zile za ndani, kwa sababu ukisimama katikati ya waru maua yanakufikia tu magotini, ukiwa ukingoni mpigaji akichuchumaa yanajaa picha yote. Ruracio tulifika tumechelewa, wazee wakatupiga faini.

Sasa mimi nimekuwa nikitumia hii stori kuonyesha kwamba mkulima hana haja na pesa za picha, si shosho alikataa soo mbili. Binamu naye anasema, wee, angekuwa ameweka kibao hapo barabarani "picha mia mbili" tungesimama kwa geti, tungeuliza, angetuonyesha pa kukanyaga kabla hatujakanyaga. Na nikiandika hapa, inaniuma kusema, sioni pa kumkamata. Hiyo mia mbili sio ya maua. Ni ya kumfanya mtu wa Nairobi asimame auombe mlango.

Kwa hivyo watoze, lakini watoze anayeingia. Wa kwa lami aachwe. Na hata ukilipa, kwa waru usiingie, simama ukingoni, na kama umetoka shamba lingine sema ukweli wako. Kwa kanola ya Timau bado roho inakataa, hayo mengi ni mashamba makubwa ya ngano na shayiri, tajiri akiniitisha pesa ya kusimama kando ya fensi yake nitawasha gari niende. Sio haki kwa huyo tajiri, najua, udongo wake pia ni udongo. Labda wale wanaokuja na bibi harusi na taa na kapteni wa drone, hao alipishe, tena vizuri.