Ngazi za mbao za zamani: usizing'oe, na vanishi iwe kitu cha mwisho kununua

Ndugu yangu, umeuliza vanishi gani inafaa kwa ngazi za nyumba mliyorithi hapo Tanga. Umesema zimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, zinalia ukipanda, na fundi anashauri zing'olewe, imwagwe zege, viwekwe vigae. Waliotangulia kujibu wamekutajia majina ya makopo. Mimi naishi kwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja, na ngazi zetu tulizichuna na kuzipaka wenyewe, tena huku tunazipanda kila siku. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Kwanza hilo la kung'oa. Nyumba za umri huo za pwani, ngazi zake aghalabu ni mvule au msaji, na mara nyingine mninga. Leo nenda kiwanda cha mbao ukaulizie mvule wa upana wa ubao mmoja wa kukanyagia, uone utakachoambiwa. Utaishia kupewa paini, ambayo kwa dari haina neno, lakini kwa ngazi kisigino cha kiatu kinaacha alama. Na fundi akikushauri ung'oe, muulize kwa upole: mbao za zamani zitakwenda wapi? Jibu lake litakuonyesha shauri lile lilikuwa na faida kwa nani.

Ila kabla hujaamua kuzibakisha, zikague. Chukua bisibisi na tochi, ingia chini ya ngazi. Choma ncha ya bisibisi kwenye mbao, hasa kidato cha chini kabisa kinachogusa sakafu na zile ncha zinazoingia ukutani. Kuta zetu za mawe na chokaa zinafyonza unyevu kutoka ardhini, na mbao iliyochomekwa humo huoza upande usiouona. Bisibisi ikizama bila kubishana, hapo pana ubao wa kubadilisha, na si kazi ya rangi tena. Tafuta vijia vya udongo vya mchwa. Tafuta na vitobo vidogo vya wadudu wanaobungua mbao. Vitobo peke yake si habari, vinaweza kuwa vya miaka mingi iliyopita. Habari ni unga. Fagia chini ya ngazi, tandika gazeti jeupe, rudi baada ya wiki mbili tatu. Ukikuta unga mpya umemwagika juu ya gazeti, wadudu bado wamo, na dawa itangulie kila kitu.

Ukiwa huko huko chini, tazama mbao mahali ambapo brashi haikufika. Hapo ndipo utaijua. Msaji ukiukwangua kidogo una mafuta mafuta mkononi na harufu kama ya ngozi ya kiatu kipya. Mninga una wekundu na michirizi ya kahawia iliyoiva. Mvule ni wa rangi ya dhahabu unaoelekea kahawia, nyuzi zake zinapishana, na mara nyingine utakuta mshipa mweupe mgumu ndani yake. Hilo ni jiwe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti, na randa au keekee ikigonga hapo inakufa makali. Nasisitiza kuijua mbao kwa sababu mvule na msaji vina kemikali zao za asili ambazo huzuia vanishi ya mafuta isikauke. Watu wengi wanaolalamika kwamba vanishi waliyouziwa ni feki, inanata wiki nzima, kopo lao halina kosa. Mbao ndiyo iliyokataa.

Kulia kwa ngazi ni kusuguana. Msumari umelegea, ubao wa kukanyagia unacheza juu ya ule uliosimama, basi kila ukikanyaga unapiga kelele. Dawa yake iko chini. Mtu mmoja apande taratibu, mwingine akae chini na chaki akitia alama panapolia. Kisha tia kabari nyembamba yenye gundi ya mbao kwenye uwazi, na kwenye kona kati ya mbao mbili gundisha kipande cha pembetatu ukikaze kwa skrubu. Kama chini pamezibwa kwa dari au kabati, itabidi utie skrubu kwa juu. Toboa kwanza, mbao hizi ngumu zikilazimishwa hupasuka. Zamisha kichwa cha skrubu ndani, uzibe kwa kijiti cha mbao ileile. Na misumari yote iliyochomoza izamishwe kabla ya msasa, la sivyo utachana karatasi moja baada ya nyingine.

Sasa rangi. Hapa naomba usome polepole. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani walipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini huku kwetu iliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto mdogo linadhuru ubongo, na mama mjamzito naye akae mbali. Kama huna njia ya kupima, chukulia kwamba risasi imo. Maana yake usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani, wala usiichome kwa moto wa gesi kama wafanyavyo wengine. Kwangua huku unanyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, tandika nailoni chini, okota mabaki yakiwa mabichi uyafunge kwenye mfuko. Usifagie, pangusa kwa tambara bichi. Watoto wahamie kwa bibi yao. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tafuta zile za N95, zinazochuja vumbi laini.

Kuna dawa za kutoa rangi za kwenye kopo. Zinafanya kazi kweli, ila soma kopo. Zenye kemikali iitwayo dikloromethani zimeua watu waliozitumia kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani walikataza kuziuza kwa watu wa kawaida mwaka 2019. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unateremka na kutuama chini, na wewe ukiwa umepiga magoti kwenye kidato cha chini pua yako iko hapohapo. Ngazi za nyumba zetu ziko katikati ya kuta nne bila dirisha. Mimi sikuitumia wala sikushauri. Kostiki soda pia achana nayo, inageuza mbao ngumu nyingi kuwa nyeusi na kuziacha na manyoya.

Kinachobaki ni mkono. Mzee mmoja seremala, jirani yetu, ndiye aliyetuonyesha. Alikuja na vipande vya kioo cha dirisha vilivyovunjika, kimoja kimefungwa kitambaa upande wa kushika. Akakaa kidato cha juu, akakilaza kioo kikielekea kwake kidogo, akavuta kufuata nyuzi za mbao. Tabaka la krimu likatoka jembamba, likajikunja. Chini yake kijani ya zamani, chini ya kijani ile nyekundu ya kutu ambayo kila mtu alikuwa akianzia nayo, kisha mbao. Kioo kikichoka hakinoi, anakitupa kwenye debe na kuchukua kingine. Bati la chuma la kukwangulia lililonolewa kwa tupa linafanya kazi ileile na lina usalama zaidi kwa asiyezoea. Siri ni kuvuta, usisukume, na ukiona linatoa vumbi badala ya nyuzi ujue limekufa makali. Kwenye kona tumia patasi ya zamani.

Na hapa nina ushauri ambao utakupunguzia nusu ya kazi: usichune ngazi nzima. Chuna mbao za kukanyagia na mkono wa kushikia, basi. Mbao zilizosimama na vile vijiti vya ukingo vilivyochongwa, ambavyo kila kimoja kina mabonde na vilima vyake, osha kwa sabuni, pitisha msasa wa maji kidogo tu ili rangi mpya ishike, upake rangi nyeupe au krimu. Vinapendeza kuliko mbao tupu kila mahali, na usiku unakiona kidato kinaishia wapi. Walioanza na hamu ya kuchuna kila kijiti nimewaona wakiishia katikati, ngazi upande mmoja mbao na upande wa pili madoadoa.

Mbao ikishakuwa tupu, ndipo msasa mkavu unaruhusiwa. Anza namba 60 au 80, nenda 120, malizia 150. Usiende juu zaidi ya hapo kwenye mahali pa kukanyaga, mbao ikiwa laini mno vanishi haina pa kushika na mguu hauna pa kusimama. Barakoa ibaki usoni, vumbi la mvule lina tabia ya kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Mashimo ya misumari ziba kwa unga wa mbao ileile uliochanganywa na gundi, lakini tia kidogo na upanguse pembeni upesi, maana gundi ikisambaa inaacha baka litakaloonekana milele chini ya vanishi. Mabonde yaliyochimbwa na miguu ya watu miaka nenda rudi mimi niliyaacha. Kuyasawazisha ni kuukondesha ubao bure.

Haya, vanishi. Kwa ngazi chukua ya poliyurithani ya mafuta, isiyong'aa au inayong'aa nusu. Ile sila ya selulosi ambayo mafundi wa samani wanaipenda kwa kuwa inakauka haraka, iache kwa makabati. Kwenye ngazi ni ngumu lakini haina mnepo, inapasuka na kubabuka. Koti la kwanza lizimuliwe kidogo, sehemu moja ya tapentaini kwa sehemu tano au zaidi za vanishi, ili linyweke. Na nasema tapentaini. Ukimwambia muuza duka "nipe thina" atakupa ya selulosi, na hiyo ukiitia kwenye vanishi ya mafuta inaweza kuganda mabonge kama maziwa yaliyochacha.

Kama mbao ni mvule au msaji, jaribu kwanza sehemu ndogo chini ya ngazi. Kesho yake bonyeza kwa kidole gumba. Kikinata, futa mbao yote kwa asetoni, kama ile ya kutolea rangi ya kucha, na tambara safi, na mara tu ikikauka paka koti moja jembamba la shelaki isiyo na nta, ile inayoyeyushwa kwa spiriti. Shelaki inafungia mafuta ya mbao ndani, vanishi inakauka juu yake bila shida. Baada ya hapo makoti matatu membamba kwenye mahali pa kukanyaga, kila koti likikauka vizuri pitisha msasa 220 kwa mkono, pangusa vumbi. Makoti mazito mawili hayawi sawa na membamba matatu.

Msimu nao una neno. Masika, Machi hadi Mei, usithubutu kwa unyevu wa pwani. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo wakati wake: hewa kavu kidogo na joto halikaushi brashi mkononi. Paka asubuhi umande ukishakwisha. Ukipaka jioni na taa umewasha, mbu na kumbikumbi watajipaka wenyewe.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakukuta: watu watapandaje? Paka kidato kimoja ruka kimoja. Vya kukanyaga vitie utepe wa karatasi wenye alama, wote nyumbani waambiwe, na vikishakauka kwa kukanyaga ubadilishe zamu. Mkono wa kushikia uwe wa mwisho, kwa sababu mtu anayeruka kidato lazima awe na pa kushika. Wazee walale chini muda huo wote, kuruka vidato si kazi yao. Vanishi kukauka kwa kugusa ni tofauti na kukomaa. Siku za mwanzo pekupeku tu, na mkeka au zulia usitandike mpaka wiki mbili tatu zipite.

Halafu utelezi. Nyumba zetu mtu anatia udhu chini, anapanda na miguu mibichi kwenda kuswali juu. Vanishi inayong'aa na maji ni hatari tupu. Bandika utepe wenye mkwaruzo kwenye ukingo wa kila kidato, au kwenye koti la mwisho nyunyizia unga maalumu wa kuzuia utelezi. Wenzangu mnaopenda ngazi ing'ae kama kioo, ngazi si meza ya sebuleni.

Kwa wasomaji wa Mji Mkongwe: eneo letu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na lina mamlaka yake ya uhifadhi. Ukitaka kuondoa ngazi yenyewe, waone kwanza kabla ya kushika nyundo.

Kati ya waliotangulia kujibu, aliyependekeza mafuta ya kitani (ya mbegu za kitani) badala ya vanishi hakukosea, yanapendeza na ni rahisi kurudia, ila kwenye ngazi yanataka kurudiwa mara kwa mara. Na matambara yake yasikunjwe yakatupwa kwenye kona: yanajipasha joto yenyewe hadi kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Ukishakagua, weka hapa picha ya chini ya ngazi na ya zile ncha zinazoingia ukutani, piga ukiwa umewasha tochi kwa pembeni. Rangi ya juu sina haja nayo.