Holbrook kabla ya saa 7: kupumzisha familia kati ya Sydney na Melbourne

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii kwamba walichepuka Holbrook, mji mdogo wa Australia kati ya Sydney na Melbourne, saa 9 alasiri, wakakuta jiko la baa limefungwa, bekari wanafagia, watoto watatu wanalia njaa. Anauliza kama mji ule una faida yoyote. Unayo, tena nyingi, ila alifika saa mbaya.

Majiko ya baa za miji midogo Australia hufungwa karibu saa 8 mchana na kuwashwa tena karibu saa 12 jioni. Bekari nyingi nazo hufunga kabla alasiri haijaisha, na Jumapili ni mapema zaidi. Kwa hiyo tokeni Sydney saa 12 asubuhi. Simameni Goulburn, mwendo wa saa mbili, dakika 20 za choo na chai, kisha nyoosheni. Holbrook iko karibu kilomita 490 kutoka Sydney; mkienda hivyo mtaingia karibu saa 6 mchana, chakula kikiwa bado kinapikwa.

Tangu 2013 barabara kuu ya Hume, inayounganisha Sydney na Melbourne, haipiti tena katikati ya mji. Usipotazama kibao cha kuchepuka, unaupita kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa bila kuuona, na hilo linaniuma kila ninapolisikia. Ndani ya mji shuka hadi 50. Penye shule ni 40, siku za masomo, saa 2 hadi 3 na nusu asubuhi na saa 8 na nusu hadi 10 alasiri.

Watoto wapelekeni kwenye nyambizi. Ndiyo, nyambizi, mamia ya kilomita kutoka baharini! Mji uliitwa Germanton hadi 1915, katikati ya vita na Ujerumani, ukapewa jina la Norman Holbrook, kamanda Mwingereza ambaye nyambizi yake B11 ilizamisha meli ya Kituruki Mesudiye huko Dardaneli, mlangobahari wa Uturuki, Desemba 1914. Kinachoonekana leo ni sehemu ya juu ya HMAS Otway, nyambizi ya jeshi la majini la Australia iliyostaafu 1994. Mjane wa Holbrook alichangia dola 100,000 ili mji uipate. Kuitazama ni bure. Waambieni watoto kisa hiki kabla hawajashuka garini, maana asiyekijua huona chuma tu. Kiangazi chuma kile cheusi huunguza, basi viatu visivuliwe.

Wazazi wenzangu, kabla ya kuondoka kagueni mikanda. Mtoto wa chini ya miaka 4 hakai mbele kwenye gari lenye safu mbili za viti, na hadi miaka 7 anahitaji kiti chake maalumu. Mkanda uliolegezwa wakati wa kula ndio husahaulika. Upepo wa tairi upimeni asubuhi nyumbani, tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya mwendo mrefu kipimo kinapanda, ukipunguza utasafiri na tairi laini.

Kutoka Holbrook hadi Melbourne zimebaki takriban kilomita 390. Juni na Julai jua huzama saa 11 na dakika chache jioni, na kangaruu hutoka wakati huohuo. Mkichelewa, laleni Wangaratta, mji ulio mbele njiani, lakini pigeni simu motelini mkiwa bado Holbrook: mapokezi hufunga mapema, na mkiomba, ufunguo huachwa mahali mtakapoelekezwa.