Mjenzi Amekosa Nini Hata Asamehewe?

SWALI: Msomaji wa Embakasi, ambaye ni mfasiri, ameuliza hivi: "Nimepewa makala kuhusu miji ya Marekani inayowatoza wajenzi ushuru mdogo kwa majengo mapya kwa miaka kadhaa. Je, niandike msamaha wa kodi, nafuu ya kodi au punguzo la kodi?"

JIBU: Andika "punguzo la ushuru wa majengo", utaje na muda wake, na swali lako litakuwa limekwisha. Langu ndilo linaloanza, kwa maana hilo neno "msamaha" limenikera kwa muda mrefu.

Msamaha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kuachiliwa kosa au deni. Sasa tuutazame mji wa Philadelphia. Kuanzia mwaka 2000, aliyejenga nyumba mpya huko hakutozwa ushuru wa thamani ya jengo kwa miaka 10, ilhali kiwanja chenyewe kiliendelea kutozwa. Na kwa nyumba mpya za makazi zilizoidhinishwa tangu 2022, punguzo hilo hushuka kwa asilimia 10 kila mwaka. Mjenzi huyo amemkosea nani? Hakuchelewesha malipo, hakughushi hati, hakumkimbia afisa wa ushuru. Aliambiwa ajenge, akajenga, na kabla rangi haijakauka ukutani tayari tumemtangaza kuwa amesamehewa! Ajabu zaidi ni wale wanaoandika "msamaha wa asilimia 40", kana kwamba mke amemwambia mumewe kuwa kosa lake limesamehewa kuanzia miguuni hadi kiunoni.

Kaunti ya Nairobi inapomfutia mwenye kiwanja riba na faini kwa sharti kwamba alipe malimbikizo ya ada ya ardhi, huo ndio msamaha, kwa kuwa mtu huyo alichelewa, akatozwa adhabu, kisha akaondolewa adhabu hiyo. Kuhusu makanisa na misikiti "kusamehewa ushuru", nimekwisha kusalimu amri. Matumizi hayo yamezoeleka mno. "Likizo ya ushuru", yaani kutotozwa ushuru kwa muda fulani, hata hivyo, sitaikubali kamwe, maana sijui ushuru huo umekwenda kupunga upepo Mombasa au Malindi.

"Nafuu" si kosa, ila ni pana mno: hata zile shilingi 2,400 anazopunguziwa mfanyakazi wa Kenya kila mwezi katika ushuru wa mshahara ni nafuu, na hajajenga hata kibanda.

Limebaki neno "kodi". Msomaji wa Dar es Salaam atakuelewa bila shida, lakini kwa mkazi wa Nairobi kodi ni zile fedha anazodai mwenye nyumba kila mwanzo wa mwezi. Ukichapisha "punguzo la kodi ya nyumba", wapangaji wa mtaani kwako watapiga vigelegele, na ikifika tarehe 5, mwenye nyumba akiwa mlangoni anataka fedha zake zote, watakuja kukuuliza wewe.