Sauti ya moyoni na mwalimu: kwa wanaoanza njia ya sala

Ninyi mnaoingia sasa katika vikundi vya sala hapa Lubumbashi mtasikia mapema mafundisho mawili yanayopingana: kwamba Roho husema na kila mtu moja kwa moja, hivyo mwalimu hana kazi, na kwamba asiye na baba wa kiroho amekwisha kupotea. Katika kuwasindikiza wanaoanza, katika mitaa ya Katuba na Kenya ya mji huu, nimeona watu wakiumia kwa yote mawili.

Someni habari za Inyasi wa Loyola, mtakatifu mwanzilishi wa Wayesuiti, ambazo zinafaa kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1522, alipokuwa Manresa, nchini Hispania, wasiwasi ulimshika kwamba hakuwa ameungama sawasawa dhambi zake za zamani, hata akaamua kutokula wala kunywa mpaka Mungu amsaidie. Alimaliza juma zima. Muungamishi wake alipopata habari alimwamuru ale, naye akatii, ingawa bado alijisikia ana nguvu. Yaani moyo wake peke yake usingemzuia. Lakini muungamishi huyohuyo alikuwa amekwisha kumkataza kuungama tena ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa, na shauri hilo halikumsaidia kitu, kwa kuwa yeye aliyaona yote kuwa wazi. Baada ya siku mbili za utulivu wasiwasi ulirudi. Ulikwisha pale alipochunguza mwenyewe umemwingia kwa njia gani na unampeleka wapi, akakata shauri kutoyaungama tena.

Nayakumbusha haya kwa sababu kufunga kavu, bila chakula wala maji, ni jambo la kawaida kwetu. Kijana mmoja alinijia baada ya mkesha, midomo imepasuka, akisema ameagizwa katika ndoto. Nilimuuliza nani mwingine anajua. «Hakuna, baba, nimekatazwa kusema.» Jibu hilo lilinitosha, maana Inyasi aliandika kwamba mdanganyifu hupenda siri na huchukia kufichuliwa kwa mtu mwenye busara. Tulimpa maji, kisha uji, na mazungumzo yakangoja kesho yake.

Kuhusu mwalimu, Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha Inyasi cha kuongoza sala, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, yanamtaka anayeyaongoza asimsukume mtu upande wowote, bali akae katikati kama ulimi wa mizani, amwache Muumba ashughulike na kiumbe chake. Katanga yetu nayo ina urithi wake: katika Jamaa, chama cha kiroho cha Wakatoliki, iliyoanza kwa padre Placide Tempels huko Kolwezi miaka ya 1950, mafundisho yalishika uzima, uzazi na mapendo, na walioingia walikuwa na baba na mama waliowazaa kiroho. (Nabii anayetaja pesa ya simu kabla hajakuuliza jina simhesabu hapa.)

Basi, sauti ikikujia wakati moyo una giza, usibadilishe uliloamua ulipokuwa na amani. Iandike, umpelekee anayekusindikiza, naye akuulize maswali kuliko kukupa amri. Kabla ya kumkubali, mwulize kwa heshima yeye mwenyewe anamweleza nani mambo ya moyo wake. Akijibu kwamba ni Mungu peke yake, mshukuru, umuage, utafute mwingine.